Gehazi Kwenye Dirisha la Hospitali

Leo fungueni pamoja nasi Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya tano. Habari ya Naamani mwaijua tangu shule ya Jumapili: yule jemadari wa Shamu mwenye ukoma, aliyejichovya Yordani mara saba, akatoka na ngozi safi kama ya mtoto. Mahubiri mengi huishia pale mtoni. Sisi twataka kuendelea mbele kidogo, hadi barabarani, ambako mtumishi wa nabii anakimbia kulifuata gari la mgonjwa aliyekwisha pona.

Elisha alikuwa amekataa malipo. Gehazi hakukubali hasara hiyo. Akamfikia Naamani akamwambia kwamba bwana wake amepata wageni ghafula, vijana wawili wa manabii kutoka vilima vya Efraimu, nao wanahitaji talanta moja ya fedha na mavazi mawili. Naamani, kwa furaha ya afya yake, hakuuliza lolote. Akamsihi achukue talanta mbili, wala si moja.

Angalieni jinsi hila hiyo ilivyojengwa. Uponyaji ulikuwa wa kweli. Nabii alikuwa wa kweli, na jina lililotumiwa kuombea fedha lilikuwa jina la kuaminika. Ni wale vijana wawili tu ambao hawakuwako. Katika siku zetu watu wa namna hiyo wamepewa jina, nao huitwa wagonjwa hewa. Wana namba za vitambulisho, wana vitanda, wamechomwa sindano na kupasuliwa, lakini yote hayo yamo katika karatasi peke yake.

Tumeamua kusema juu ya wizi wa bima ya afya kwa sababu wengi wetu twalipa bima hiyo bila kujua inavyofanya kazi, na asiyejua mlango ulipo hawezi kuulinda.

Bima ya hospitali si jambo jipya nchini Kenya. Serikali iliianzisha ile NHIF mwaka 1966, na kwa miaka mingi wazee wetu waliokuwa makarani, walimu na watu wa reli walikatwa fedha kidogo kila mwezi. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria mpya, na tangu Oktoba 1, 2024, kazi hiyo imechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo sote twaiita SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara, mkulima wa Kiminini au mama wa sokoni Chwele, hupimwa kwa hali ya nyumba yake, na kima cha chini kilichowekwa ni shilingi 300 kwa mwezi, hulipwa kwa mwaka mzima pamoja. Hiyo ni shilingi 3,600. Mkulima anajua maana yake: kutegemea bei ya msimu, ni gunia zima la mahindi au karibu yake.

Basi magunia hayo yote yamemwagwa katika ghala moja. Mtu akiugua, hospitali humtibu kisha huandika dai na kulipeleka SHA, nayo SHA hulipa kutoka katika ghala. Mgonjwa hazioni fedha. Haoni hata lile dai. Hospitali inaandika, SHA inasoma, na wote wawili wako mbali. Aliyekuwako chumbani na kuona kilichotendeka ni mgonjwa peke yake, naye ndiye asiyeulizwa. Hapo ndipo Gehazi anapopita.

Tuchukue mfano, nao ni mfano tu. Tuseme mama mmoja wa Kamukuywa amejifungua salama, bila kisu. Kwa viwango SHA ilivyoanza navyo, kujifungua kwa kawaida hulipiwa shilingi 10,000, na kwa upasuaji shilingi 30,000. Karani asiye mwaminifu haitaji kumbuni mama wala mtoto. Anabadili neno moja tu katika fomu, na neno hilo limeleta shilingi elfu 20. Au mtoto ameletwa na malaria, amepewa dawa, amerudi nyumbani jioni ile ile. Katika fomu ameandikwa kwamba alilazwa siku tatu. Hospitali ya daraja la nne ilipangiwa shilingi 3,360 kwa kila siku ya kulazwa, nanyi pigeni hesabu. Wengine huandika vipimo ambavyo havikufanywa. Wengine huwaandika watu ambao hawajakanyaga hospitali ile hata siku moja, wakitumia vitambulisho vilivyokusanywa kwa njia nyingine, ambayo tutaieleza.

Kuna ndugu wanaosema, “Hiyo ni pesa ya serikali, haimwumizi mtu.” Neno hilo tumelisikia mara nyingi, hata midomoni mwa watu wa kanisa, nasi twaliona kuwa neno la hatari kuliko wizi wenyewe. Hebu tuzitazame zile elfu 20 za uongo. Mgonjwa wa figo husafishwa damu kwa mashine mara mbili kila juma, na SHA ilipanga kulipa shilingi 10,650 kwa kila mara. Elfu 20 ni karibu juma moja la uhai wa mtu huyo. Isitoshe, mama yetu wa Kamukuywa amebaki na kumbukumbu ya uongo. Akipata mimba nyingine, muuguzi atasoma kwamba tumbo lake limewahi kupasuliwa, na mwanamke wa namna hiyo huangaliwa kwa njia tofauti, hutumwa hospitali kubwa, huogopewa kuachwa ajifungue mwenyewe. Kisu cha uongo kinaweza kuzaa kisu cha kweli.

Wala haya si mambo ya kubuni. Juni 2023 runinga ya NTV ilionyesha habari ya wazee wa sehemu za Meru walioalikwa kwenye matibabu ya bure. Walichukuliwa kwa magari, wakaombwa kadi zao za NHIF, na baadhi yao wakapasuliwa bila kuhitaji. Nchi ilishtuka. Hospitali kadhaa zilisimamishwa, na Kamati ya Afya ya Bunge la Taifa, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Dkt. Robert Pukose, mbunge wa Endebess hapa hapa Trans Nzoia, ilifanya uchunguzi. Kubadilisha jina la bima hakukuumaliza ugonjwa. Agosti 2025 Waziri wa Afya, Aden Duale, alisimamisha hospitali na zahanati 40 kwa tuhuma za udanganyifu, na mwezi huo huo akatangaza kwamba SHA imekataa kulipa madai ya shilingi bilioni 10.6. Tuwe waangalifu hapa. Si kila dai lililokataliwa ni la mwizi. Mengine yana makosa ya uandishi, au karatasi zimepungua. Lakini waziri mwenyewe alitaja zile hila tulizozieleza: wagonjwa wasiokuwako, waliotibiwa na kurudi nyumbani wakaandikwa wamelazwa, matibabu madogo yaliyopandishwa yakawa makubwa.

Sasa turudi kwa wale wazee wa Meru, kwa maana habari yao yatuhusu sisi watu wa kanisa kuliko wengine. Mtu anayetaka kukusanya wagonjwa vijijini hatakwenda baa. Atamwendea mchungaji. Atakuja na barua nzuri yenye mhuri, akisema kwamba madaktari wanataka kupima macho, presha na magoti ya wazee, bila malipo, na wangependa kutumia jengo la kanisa siku ya Jumamosi, kisha itangazwe ibadani Jumapili iliyotangulia. Mchungaji anafurahi. Ni nani asiyependa wazee wake wapimwe? Akitangaza, wazee wanakuja, kwa maana wanamwamini yeye. Hao madaktari hawawajui kabisa.

Kambi njema za matibabu ziko, na nyingi zimewasaidia watu wetu wa mlimani Kapsakwony na kule Endebess ambako hospitali iko mbali. Hatusemi zifukuzwe. Twasema wazee wa kanisa waulize kabla ya kutangaza. Hospitali hii inaitwaje, nayo iko wapi? Tangu lini? Imesajiliwa na baraza la madaktari? Daktari atakayekuja ni nani, na ofisi ya afya ya kaunti inajua? Mtu mwema atayajibu maswali hayo akiwa amesimama. Kisha siku yenyewe ikifika, wawekwe wazee wawili wa kutazama. Mfalme Yoasi alipotengeneza lile sanduku la sadaka za kukarabati hekalu, fedha zilihesabiwa na watu wawili, karani wa mfalme na kuhani mkuu, wala hapakuwa na mtu aliyeona ametukanwa.

Na wazee hao wawili watazame nini? Watazame mpango wa meza. Penye nia njema mgonjwa huanza kwa muuguzi, anapimwa, anaulizwa anaumwa wapi. Ukiona meza ya kwanza ni ya vitambulisho na alama za vidole, na foleni yake ni ndefu kuliko ya daktari, simamisha jambo hilo. Kupima presha hakuhitaji kidole chako katika mashine ya bima. Ukisikia wazee kumi wenye magoti yanayouma wote wameambiwa wapasuliwe, na gari la kuwachukua limeshafika, usiwaruhusu kupanda. Waende nyumbani, wazungumze na watoto wao, wakapimwe tena katika hospitali nyingine, iwe ya kaunti pale Bungoma au Kitale, au ya misheni kama ile ya Friends pale Lugulu. Goti lililoumwa miaka kumi litangoja majuma mawili.

Tena wako mawakala wanaopita nyumba kwa nyumba au kusimama stendi za matatu. Huyu hana hata daktari. Anataka namba ya kitambulisho na zile tarakimu za siri zinazoingia katika simu yako, naye atakupa mia mbili au mia tatu ya chai. Kijana asiye na kazi ataona amepata bahati. Kumbe ameuza jina lake, na jina hilo litalazwa mahali asipopajua, litapasuliwa, litameza dawa. Serikali ilipoona tarakimu za simu zinauzwa, ilitangaza mwaka 2025 kwamba itahamia kwenye alama za vidole. Ni jambo jema, lakini kidole nacho huenda mahali mwenyewe anapokipeleka.

Mpaka hapa tumesema juu ya hila za wengine, na kila msikilizaji ametikisa kichwa. Sasa tuseme juu ya zetu.

Shemeji amekuja kutoka nyumbani usiku, tumbo linamkata. Hana bima. Wewe unayo, na umri wenu unakaribiana. Unamwambia, “Nenda na kitambulisho changu, useme jina langu.” Katika sehemu zetu hizi jambo hilo huitwa upendo, na anayekataa huonekana ameukataa udugu. Wauguzi wengine hujua, wakanyamaza kwa huruma. Tuseme basi shemeji amekutwa na kidole tumbo, amepasuliwa, kimeondolewa, amepona. Katika kumbukumbu za hospitali ni wewe uliyeondolewa kidole tumbo. Baada ya miaka mitatu wewe mwenyewe unaanguka, maumivu yale yale, upande ule ule wa kulia. Daktari anafungua kumbukumbu, anasoma, anasema, “Hili si kidole tumbo, maana kilikwisha toka.” Anatafuta ugonjwa mwingine huku saa zinapita. Na kama damu ya shemeji iliandikwa kwa jina lako, hilo nalo litazameni.

Njia ya halali iko, ingawa ni ya gharama zaidi kwa mfuko wako. Shemeji anaweza kuandikishwa kwa jina lake kwa simu, kwa kubonyeza *147#, nanyi ndugu mkachanga zile shilingi za mwaka wake. Twajua harambee za hospitali katika makanisa yetu: mtu amelazwa, bili imefika laki mbili, na kila Jumapili bahasha inapita. Kama nusu ya bahasha hizo zingetangulia ugonjwa, zikawaandikisha wajane na vijana wa kundi, tungezuia pia lile jaribu la kuazimana majina. Hilo ni maoni yetu, nanyi myapime katika vikao vyenu.

Neno fupi kwa wenye wafanyakazi, zikiwamo shule na makanisa. Ukimkata mwalimu wa chekechea au mlinzi asilimia zake kisha usizipeleke SHA, umefanya lile lile. Yeye ataligundua usiku atakapofika hospitalini na mtoto.

Wako pia wanaoumizwa bila kuonekana, nao ni hospitali zilizo safi. NHIF iliacha madeni ya mabilioni kwa hospitali. Machi 2025 Rais alitangaza kwamba wanaodai shilingi milioni 10 au chini watalipwa, na madai makubwa zaidi yahakikiwe kwanza. Uhakiki ulihitajika kwa sababu ya waongo, lakini mwaminifu naye alisimama katika foleni hiyo hiyo. Hospitali ya misheni isipolipwa, wauguzi hukaa bila mshahara, na duka la dawa linabaki tupu. Wapo wanaosema kwamba malipo yakichelewa hivyo hospitali hulazimika kuongeza madai ili iishi. Twaelewa shida hiyo, ni ya kweli, na serikali ichukue sehemu yake ya lawama. Hata hivyo dai lililotiwa chumvi ndilo linaloleta uhakiki mwingine, na uhakiki huleta uchelewaji mwingine.

Basi ukiwa pale dirishani unaruhusiwa kwenda nyumbani, ufanye nini? Usiwe na haraka ya matatu. Kabla ya kuweka sahihi au kidole, omba usomewe kilichoandikwa. Usitie sahihi fomu yenye nafasi tupu, hata ukiambiwa watajaza baadaye. Sikiliza jina la ugonjwa, siku ulizolala, vipimo, na kama ulipasuliwa. Huna haja ya kuwa msomi. Unajua ulilala usiku mangapi, na unajua kama una mshono. Bibi asiyesoma aende na mjukuu. Ukikuta tofauti, uliza kwa upole kwanza, maana karani anaweza kuwa amechoka akakosea mstari. Aliyekosea atasahihisha mbele yako. Akianza kukuambia kwamba wewe hulipi chochote kwa hiyo haikuhusu, hapo umepata jibu lingine. Omba nakala ya karatasi zako, andika tarehe na jina la hospitali, kisha piga simu ya SHA namba 147, au nenda ofisi yao, au Huduma Centre ya Kitale au Bungoma. Waambie na jambo moja zaidi, ambalo wengi husahau: kumbukumbu yako isahihishwe. Fedha zinaweza kurudi ghalani, na bado wewe ukabaki umeandikwa kuwa mtu aliyepasuliwa.

Tumeacha kundi moja kwa makusudi hadi mwisho. Ni ninyi makarani, wauguzi na matabibu mnaoketi katika viti vya makanisa yetu kila Jumapili. Twajua kwamba mara nyingi Gehazi wa siku hizi si ninyi. Mwenye hospitali huja jioni na orodha ya majina, anasema, “Jaza hizi,” nawe una mkopo na watoto wako shuleni. Kukataa ni kupoteza kazi, na kazi nyingine haipatikani Kitale nzima. Hatutawaambia kwamba ni jambo jepesi. Twasema tu yale tunayojua: mkono ulioandika ndio unaoonekana katika fomu, na wachunguzi wakija huanza na huo. Aliyeagizwa kwa mdomo hana karatasi ya kujitetea. Kwa hiyo akija na orodha, mwombe akuandikie agizo hilo na kutia sahihi yake. Wengine wamegundua kwamba orodha haiji tena baada ya ombi hilo. Na kama umekwisha fukuzwa kwa sababu hiyo, usikae nayo peke yako nyumbani. Mwendee mchungaji wako au mzee wa kanisa, umweleze. Nanyi wachungaji, mtu huyo akija, msimpe sala tu. Mtafutieni wakili, na chakula cha mwezi huo.